Hawaelewani

Mhadhara kwa wafanyakazi, walimu na wanakijiji wa Uwemba, Njombe

Najua mmeacha viazi shambani, na baridi ya leo si ya mchezo, kwa hiyo sitawazungusha.

Naanza na kosa langu. Zamani, nikiwa afisa utumishi kijana katika shamba moja la chai la nyanda hizi za juu kusini, ambalo sitalitaja, alikuja ofisini mchumaji mmoja. Alisimama mlangoni na kikapu mgongoni, viatu vya mpira vimejaa tope, anaogopa kuchafua sakafu. Nikamwambia aingie. Akasema, "Mama, naomba nihamishwe mstari. Msimamizi ananisumbua." Nikamuuliza anamsumbua vipi. Akaangalia chini. "Ananisumbua tu, mama." Nje kulikuwa na foleni ya watu wa mishahara. Nikaagiza msimamizi aitwe, nikawakalisha wote wawili, nikawasomesha habari za umoja kazini, nikawaambia wapeane mikono. Wakapeana. Kwenye faili nikaandika: "Mfanyakazi na msimamizi wake walikuwa hawaelewani. Wamepatanishwa." Nikagonga muhuri. Jioni ile nilikwenda nyumbani nikijiona hodari wa kazi.

Walimu mliomo humu mnisahihishe nikikosea sarufi. Yule mchumaji aliniletea sentensi yenye mtenda na mtendwa: a-na-ni-sumbua. Kuna yeye, kuna mimi. Mmoja anafanya, mwingine anafanyiwa. Nami nikaichukua nikaitia katika kauli ya kutendana: hawaelewani. Ile -an- ndogo inagawa tendo sawa kwa sawa. Wanaopigana, wote wana ngumi. Wasioelewana, wote wana ukaidi. Kwa silabi moja nilimpa nusu ya kosa mtu asiye na kosa, na hakuna aliyeshtuka, si meneja, si karani aliyelitia faili kabatini, kwa sababu ndivyo sote tunavyosema.

Sikilizeni mazungumzo ya kazini, popote: kiwandani, shuleni, zahanati, kwenye banda la kufungashia parachichi. Mwanaume anampapasa mwenzake kiunoni akipita, na watu wanasema, "Wale wamezoeana." Anamtolea maneno ya chumbani mbele ya wenzake: "Wanataniana." Anamfuata mpaka kambini usiku: "Wanapendana wale, mwachie." Mwanamke akilia mchana kweupe: "Wamekosana." Akiacha kazi: "Wameshindwana." Lugha yetu ni tajiri, ina kauli ya kutenda, ya kutendwa, ya kutendewa, ya kutendeshwa, na sisi katika jambo hili tumeng'ang'ania ileile moja. Hata utani, ambao kwetu ni taasisi yenye heshima, wenye watani wake wanaojulikana kwa kabila na kwa ukoo, na mipaka yake, na msibani huwa faraja, umegeuzwa kuwa kanzu ya kumfunika mtu asiye mtani wa mtu.

Ndiyo maana huwa nacheka kidogo, na Mungu anisamehe, wanapokuja vijana wa utafiti na hojaji zao kutoka mjini wakiuliza: "Je, hapa kazini kuna ukatili wa kijinsia?" Mfanyakazi anajibu hapana, na hajadanganya. Kwake "ukatili" ni panga, ni damu, ni mtu aliyemwagiwa maji ya moto. Ukimuuliza tena, "Kuna wanaosumbuliwa?", atamwangalia jirani yake, watacheka, na hapo ndipo kazi yako ya utafiti inaanza. Miaka yote niliyokaa kazini sijasikia mtu akisema "nimeona ukatili." Nimesikia "pale kwa fulani usimpeleke binti yako." Maneno hayo ni ushahidi kamili. Yanataja mahali, mtu na hatari, ila hayajawahi kuandikwa kwenye fomu.

Shirika la Kazi Duniani lilipopitisha Mkataba Namba 190 kule Geneva, tarehe 21 Juni 2019, lilikwepa mtego huo. Mkataba hausubiri damu. Unazungumzia tabia na vitendo visivyokubalika, au hata vitisho vyake, iwe vimetokea mara moja au vinajirudia, ambavyo vinalenga au vinaleta au huenda vikaleta madhara ya mwili, ya akili, ya kingono au ya kiuchumi. Na mahali pa kazi ndani ya mkataba ni papana: panapolipwa mshahara, panapoliwa chakula, chooni, kwenye nyumba alizotoa mwajiri, na njiani kwenda na kurudi. Kwa hiyo ile njia ya kambini hadi shambani, saa kumi na mbili asubuhi, ukungu umeshuka hadi huoni aliye mbele yako, nayo ni mahali pa kazi.

Sasa kuna jambo ambalo wanaume waliomo humu watalipenda, lakini wasilipende mapema. Utafiti wa taifa wa idadi ya watu na afya wa 2015-16 uliwauliza wanawake na wanaume wa umri wa miaka 15 hadi 49 kama mume ana haki ya kumpiga mkewe kwa walau sababu moja kati ya tano: akiunguza chakula, akibishana naye, akitoka bila kumwambia, akitelekeza watoto, akimnyima unyumba. Wanaume waliosema ndiyo walikuwa asilimia 40. Wanawake walikuwa asilimia 58. Katika utafiti huohuo, wanawake 4 kati ya 10 walisema wamewahi kupigwa au kuumizwa mwili tangu wafikishe miaka 15, na asilimia 17 wamewahi kufanyiwa ukatili wa kingono.

Swali lile lilihusu mume, halikuhusu msimamizi. Lakini hakuna anayevua mawazo yake getini akayaacha kwa mlinzi pamoja na baiskeli. Nimefikiria sana hiyo 58, kwa sababu mimi ndiye niliyegonga ule muhuri, na mimi ni mwanamke. Watu husema wanawake hatupendani (tazameni, ni -ana tena). Mimi sioni hivyo. Mwanamke anayesema mwenzake amejitakia anajitengenezea kinga. Kama yule amesumbuliwa kwa sababu ya sketi, au kwa sababu anacheka sana, au kwa sababu anapokea soda, basi mimi nisiyevaa ile sketi, nisiyecheka, nisiyepokea soda, niko salama. Siku atakapokubali kwamba yule mwenzake hakufanya lolote, siku hiyohiyo atakubali kwamba kesho inaweza kuwa zamu yake. Hiyo ni bei kubwa, na si kila mtu anaweza kuilipa akiwa na watoto wanaosubiri karo.

Turudi shambani. Aliyewahi kuchuma chai anajua kwamba siku ya mchumaji huamuliwa mara mbili: asubuhi anapopangiwa mstari, na baadaye majani yanapofika kwenye mizani. Nasema namna kazi ilivyo, sisemi shamba la mtu. Kuna mstari wenye machipukizi ya kujaza kikapu kabla jua halijakaa sawa, na kuna mstari wa mteremkoni uliokwishachumwa juzi. Kwenye mizani zinakatwa kilo kwa ajili ya kikapu, kwa ajili ya maji ya mvua, kwa ajili ya majani makomavu. Anayekata ni mtu, na kwa macho yake tu. Hapo ndipo usumbufu unapoanzia. Hakuna haja ya kumtishia mtu kisu wakati unaweza kumkata kilo tatu kila siku hadi mwisho wa mwezi.



Wenzake wa mchumaji anayesumbuliwa wanaona nini? Wanaona kilo. Msichana mgeni anachuma kama wao, mizani inampa zaidi. Hawaoni alichodaiwa, wala aliyemdai hawamwoni kama mdai. Wanaona nyongeza, na nyongeza hiyo ni kama imetoka mfukoni mwao. Wanasema, "Anabebwa." Na yule aliyekataa, ambaye kilo zake zimepungua, naye ana jina lake: "Anaringa." Anabebwa au anaringa, hakuna jina la tatu kwa mwanamke, na kwa msimamizi hakuna jina hata moja. Hasira ya mstari mzima inamwendea msichana, ambaye ndiye aliye karibu na asiye na daftari mkononi.

Februari 2023 BBC ilitangaza uchunguzi wake juu ya mashamba ya chai ya Kericho, Kenya, yaliyokuwa yameendeshwa kwa miaka mingi na kampuni mbili za Uingereza, Unilever na James Finlay. Wanawake zaidi ya 70 walisema walinyanyaswa kingono na wasimamizi wao. Mmoja alisema aliambukizwa VVU na msimamizi aliyemshurutisha. Kampuni zilisema zimeshtushwa, wasimamizi wakasimamishwa, wanunuzi wa nje wakaanza kuulizana maswali. Mimi kilichonikaa kichwani ni ile hesabu. Siri ya mtu mmoja inawezekana. Ya watu 70 haiwezekani. Kila mmoja wao ana wenzake wa mstari, ana jirani wa kambini anayesikia mlango, ana dada aliyemwambia. Jumlisheni. Watu mia kadhaa walijua, na chai ikaendelea kusafiri mpaka kwenye vikombe vya London. Kwa hiyo anayetuambia kwamba tatizo ni uelewa mdogo wa wafanyakazi, tumpe kiti apumzike. Wafanyakazi wanaelewa. Kinachopungua ni mahali pa kupeleka wanachokielewa bila kupoteza kazi.

Na sisi wa Njombe tusiisome habari ya Kericho kama ya majirani. Utafiti wa taifa wa VVU wa 2022-23 uliukuta mkoa wetu na maambukizi ya asilimia 12.7 kwa watu wazima, juu kuliko mkoa mwingine wowote Tanzania Bara, wakati wastani wa taifa ulikuwa 4.4. Anayemlazimisha mwanamke katika mkoa huu hamwachii aibu peke yake.

Sheria ipo, na nitaipitia haraka, maana sheria haijawahi kuwa haba. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, Namba 6 ya 2004, kifungu cha 7, inahesabu unyanyasaji kuwa aina ya ubaguzi na inaukataza. Kanuni ya Adhabu, kifungu cha 138D, inamtia hatiani mwenye mamlaka anayemtaka mtu kimapenzi bila ridhaa yake, kwa neno au kwa tendo, kazini au kwingineko. Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa, Namba 11 ya 2007, kifungu cha 25, inamshika anayetumia madaraka yake kudai ngono ili atoe ajira, cheo au upendeleo. Hapa wengi hushangaa. Wanadhani TAKUKURU, taasisi ya kuzuia na kupambana na rushwa, ni ya bahasha. Kilo tatu za mizani zikitolewa kwa sharti hilo ni rushwa, ndugu zangu, na ofisi ya TAKUKURU ipo pale mjini.

Lakini tazameni matundu. Ile sehemu ya Sheria ya Ajira inayozuia kuachishwa kazi isivyo halali haimgusi mwenye chini ya miezi 6 kazini. Kibarua wa msimu wa mvua hafiki huko. Hafukuzwi, asubuhi jina lake halisomwi, basi. Na anayekwenda Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ana siku 30 kama ameachishwa kazi, na siku 60 kwa migogoro mingine, akichelewa aombe kuongezewa muda na aeleze sababu. Nimewajua wanawake waliohitaji mwaka mzima kuamini kwamba lililowapata si kosa lao. Siku 60 zimewakuta bado wanajiuliza kama walicheka sana.

Kile kifungu cha 138D hakikuangukia mezani kutoka mbinguni. Februari 1990, Levina Mukasa, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, alijiua baada ya kuandamwa na wanafunzi wa kiume. Pale chuoni kulikuwa na kikundi cha wasiojulikana sura, Punch, kilichobandika ukutani katuni na maandishi ya kuwadhalilisha watu, hasa wanawake. Wasomi wa nchi, walioandaliwa kuja kuwa mahakimu na mameneja wetu, walikuwa wakipita pale ukutani, wakisoma, wakicheka. Iliitwa mila ya chuo. Iliitwa utani. Chama cha wanawake wanahabari, TAMWA, kilichokuwa kimeanzishwa mwaka 1987, kilisimama pamoja na wengine kukataa jina hilo, na mwaka 1998 Bunge likapitisha Sheria ya Makosa ya Kujamiiana, iliyokiingiza kifungu hicho katika Kanuni ya Adhabu. Miaka minane ilipita kutoka "utani" hadi "kosa." Nasema haya kwa sababu wapo wanaodhani mchumaji asiyefika darasa la saba ndiye asiyeona. Ukuta ule ulisomwa na watu wenye vitabu kwapani.

Nishuke kidogo hadi Makambako, tunakopita sote. Ni njia panda ya malori na stesheni ya reli ya TAZARA, na mji wa namna hiyo una baa na nyumba za wageni, na baa ina wahudumu. Waulizeni wafanyakazi wa ofisini kama yule mhudumu anayeshikwa kila anapopeleka kinywaji anafanyiwa ukatili kazini. Watasema, "Kazi yake ndiyo hiyo." Kazi yake ni kupeleka chupa na kurudisha chenji. Hayo mengine ameyaongeza mteja, na mwenye baa akayaacha kwa sababu mteja ananunua.

Na kutoka stendi ileile ya Makambako wanapanda basi binti zetu kwenda Dar es Salaam. Mkoa wetu na ndugu zetu wa Iringa ndiko wanakotafutwa wasichana wa kazi. Kila mtu Dar anajua, na wanawasifu kwa adabu na kwa kutochoka. Lakini hatusemi "ameajiriwa." Tunasema, "Amekwenda kukaa kwa shangazi." Huyo shangazi mara nyingi hana undugu naye hata wa kuokoteza. Binti anaitwa dada na watoto wa nyumba, anakula mwisho, analala sebuleni au stoo, na baba mwenye nyumba ana ufunguo wa kila mlango. Hana mwenzake wa mstari wa kumwona. Akirudi kabla ya Krismasi hana hata kitenge cha mama yake, kijiji kizima kinasema, "Hawakuelewana na tajiri yake." Neno langu la kwenye faili limeshafika na huko. Sisi wazazi tunaposikia hivyo tunaridhika haraka sana, maana tukiuliza la pili tutalazimika kusikia jibu.

Mameneja mliomo humu, msikimbilie kununua sanduku la maoni. Nimeona masanduku mengi, mengine mazuri, yenye kufuli la shaba, yametundikwa mlangoni pa meneja na ufunguo anao msimamizi. Sanduku la namna hiyo hukusanya vumbi na karatasi za peremende. Anzeni na mizani: pawe na macho zaidi ya mawili, mchumaji aone namba yake inapoandikwa, na makato yawe na kipimo kinachojulikana kabla mvua haijanyesha. Kupanga mistari kuwe kwa zamu, kusiwe kwa hisani. Mwondoleeni msimamizi anachouzia, halafu ndipo mje na semina. Na mwenye kuandika malalamiko aandike maneno ya mlalamikaji kama yalivyotoka kinywani, na kiambishi chake. Akisema "ananisumbua," iandikwe "ananisumbua," kisha aulizwe mara ya pili, faraghani, na mtu asiye na foleni nje.

Yule mchumaji nilimwona tena baada ya miaka mingi. Basi letu lilisimama Makambako, akina mama wakazunguka madirishani na beseni za mahindi ya kuchemsha. Mmoja akanitazama, akasema, "Mama afisa!" Nikamkumbuka kwa sauti. Nikashuka. Nilitaka kumwomba radhi, na sikujua pa kuanzia, nikamwambia tu kwamba siku ile niliandika kuwa hawakuelewana.

Akachagua mahindi mawili mazuri, akayafunga kwenye gazeti, akakataa pesa.

"Ulituambia tupeane mikono," akasema.

"Ndiyo."

"Alinikwaruza kiganjani kwa kidole, mama. Mbele yako pale. Nikakuangalia."

Nilikuwa nimeinama, naandika.